Habari za Kambi Kubwa ya Maskauti wa Ulimwengu

 Leo nataka kuwaeleza habari za kambi kubwa ya Maskauti wa ulimwengu, iitwayo Jamborii. Wengi wenu mmelisikia neno hili, na baadhi yenu mna watoto au wadogo zenu wanaovaa skafu ya Skauti shingoni. Lakini kwa kuwa wachache sana katika nchi zetu wamepata kwenda, habari zake hufika vijijini ama zimepungua ama zimezidi. Mmoja husema ni sikukuu ya watoto wa matajiri. Mwingine husema ni mafunzo ya uaskari yaliyofichwa chini ya michezo. Si hili wala si lile. Mimi nilikwenda nikiwa na umri wa miaka 16, mwaka wa 2015, kambi ilipofanyika katika nchi ya Japani. Nitawaambia niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na mambo niliyoyasoma baadaye nipate kuyaelewa yale niliyoyaona.

Kwanza yafaa mjue asili yake. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1907 jemadari mmoja Mwingereza, jina lake Robert Baden-Powell, alichukua wavulana wapatao 20, akapiga kambi nao katika kisiwa kidogo kiitwacho Brownsea, kusini ya Uingereza. Baadhi yao walikuwa watoto wa mabwana, wanafunzi wa shule za fahari. Wengine walikuwa watoto wa wafanya kazi wa miji iliyo karibu. Katika Uingereza ya siku zile watoto wa namna mbili hizo hawakula meza moja wala hawakucheza uwanja mmoja. Yeye aliwachanganya katika vikosi vinne, wakapika pamoja, wakala pamoja, wakalala pamoja. Asubuhi aliwaamsha kwa kupiga baragumu la pembe ya tandala, ambayo aliipata Afrika mwaka wa 1896 katika vita juu ya Wandebele, nchi iitwayo leo Zimbabwe. Basi pembe iliyotoka katika vita ndiyo iliyowaita watoto wale kwenye chai yao ya asubuhi. Likumbukeni jambo hili, maana nitakayoyasema baadaye yanafanana nalo.

Kazi ile ikaenea upesi sana katika nchi nyingi. Mwaka wa 1920 ikafanyika Jamborii ya kwanza ya ulimwengu, mjini London, ndani ya jumba kubwa liitwalo Olympia. Walihudhuria Maskauti 8,000 hivi. Tangu hapo Jamborii hufanyika kwa kawaida kila baada ya miaka minne, kila mara katika nchi nyingine, isipokuwa pale vita au sababu nyingine kubwa ilipozuia. Mwenyewe Baden-Powell alimalizia maisha yake katika nchi ya Kenya. Alifariki tarehe 8 Januari mwaka wa 1941 huko Nyeri, na kaburi lake liko huko, mahali ambapo siku ya mawingu machache mtu aweza kuuona Mlima Kenya. Maskauti wa nchi nyingi huenda kulizuru.

Sasa nije kwa wazazi. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake atakwenda Jamborii, huuliza mambo matatu. Itagharimu nini? Atarudi salama? Ataleta nini? Maswali haya yote ni ya haki, nami nitayajibu moja moja.

Gharama ni kubwa. Nauli ya ndege peke yake yaweza kushinda mavuno ya shamba la mwaka mzima. Kwa sababu hiyo mara nyingi Maskauti wa nchi zenye mali hutoa fungu la kuwasaidia wenzao wa nchi maskini, ingawa fungu hilo haliwatoshi wote. Mimi nilisaidiwa hivyo kwa sehemu kubwa, na iliyobaki ilichangwa na ndugu zangu na majirani huko kwetu milimani Usambara: huyu alitoa kuku, huyu debe la viazi, huyu shilingi alizoziweka kwa ajili ya mabati. Mtu aliyepelekwa kwa kuku wa jirani hana ruhusa ya kurudi na kunyamaza.

Usalama nao si jambo la kudharau. Siwezi kuwaambia kwamba hapana hatari. Mwaka wa 2023 Jamborii ilifanyika Saemangeum, katika Korea ya Kusini. Joto kali liliwaangusha mamia ya vijana katika siku za kwanza, baadhi ya nchi zikawaondoa watoto wao mapema, kisha tufani ikakaribia. Ikawa hapana budi kuivunja kambi kabla ya siku yake. Tarehe 8 Agosti watu wapatao 37,000 walihamishwa kwa mabasi zaidi ya 1,000. Watu wengi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Kwa hiyo mzazi na aulize: nani atamwangalia mtoto wangu, maji yako wapi, mganga yuko wapi. Kiongozi mwema hakasiriki akiulizwa hayo.

Swali la tatu, ataleta nini, ndilo nitakalolijibu kwa urefu, maana jibu lake haliko katika mfuko wa safari.

Jamborii ya mwaka wa 2015 ilikuwa ya 23. Ilianza tarehe 28 Julai ikaisha tarehe 8 Agosti, mahali paitwapo Kirarahama, katika jimbo la Yamaguchi, kando ya bahari ya ndani ya Japani. Nchi yake ni tambarare kama sinia, kwa kuwa ni ardhi waliyoitwaa watu kutoka baharini kwa kuzuia maji na kujaza udongo. Vijana wa umri wa miaka 14 mpaka 17, wavulana na wasichana, pamoja na wakubwa wao, walikuwa zaidi ya 33,000, kutoka nchi kiasi cha 150. Kila kundi lilikuwa na vijana 36 na viongozi wanne, na kila kundi liligawanywa katika vikosi vinne vya vijana tisa tisa. Ukihesabu mahema yale kutoka mahali pa juu ungedhani mji umeota usiku mmoja. Ulikuwa mji kweli: una mitaa yake, mabomba ya maji, ghala za chakula, zahanati, na bendera za kila rangi. Lakini mji huo haukuwa na mzee mkazi hata mmoja. Wote walikuwa wageni.

Msidhani tulikaa kutazama ngoma tu. Alfajiri mmoja wa kikosi huenda ghalani kupokea posho, wengine huwasha jiko, wengine hufagia na kuteka maji. Baada ya chakula kila kundi huenda kwenye kazi yake ya siku hiyo: leo mambo ya sayansi, kesho michezo ya majini, siku nyingine kuzitembelea shule za jimbo lile na kuonana na watoto wa wenyeji. Jioni twarudi kupika tena. Aliyezoea kupikiwa na mama yake alijua katika siku mbili jinsi ilivyo kazi kuwalisha watu tisa wenye njaa, na mvulana aliyedhani kuosha sufuria ni kazi ya wasichana aliacha kudhani hivyo.

Joto la huko mwezi wa Agosti ni kama joto la Tanga mwezi wa Februari, na hewa yake ni nzito kwa unyevu. Mimi mtoto wa milimani, niliyezoea ukungu wa asubuhi, nilipata taabu. Hapo ndipo nilipoona faida ya amri moja ndogo: kila mtu alikuwa na mwenzake, na kila mmoja alipaswa kumtazama mwenzake kama amekunywa maji na kama anasema maneno ya akili. Siku ya tatu mwenzangu aliniona nimekaa kimya mno. Akaniketisha kivulini, akalowesha kitambaa cha pamba katika maji, akanifunga shingoni. Huyo hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mvulana wa Kijapani wa kundi lililopiga hema kando yetu, kwa kuwa viongozi walikuwa wamekubaliana kuwaunganisha vijana wao wawili wawili kwa kazi za mchana. Wazee wetu husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema dhiki yenyewe iwe kubwa.

Desturi moja ya Skauti ilitutia haya mwanzoni. Maskauti hupeana mkono wa kushoto. Kwetu, kama mjuavyo, kumpa mtu mkono wa kushoto ni ufidhuli, na mtoto akimpa mzee kitu kwa mkono huo hukemewa mara moja. Mkuu wetu alituambia: huko mpeane wa kushoto, kwa sababu wenzenu wanajua maana yake, mkirudi nyumbani, mpeni babu mkono wa kulia, kwa sababu naye anajua maana yake. Maneno haya yalinifaa kuliko hotuba nyingi. Kumheshimu mtu ni kujua kwanza lugha ya heshima anayoielewa yeye.

Mambo ya chakula nayo yalitufundisha. Siku moja tuliwaalika Wajapani jirani zetu kula ugali wa unga tuliouchukua kutoka nyumbani. Walikula kwa adabu, kisha mmoja akauliza, kwa Kiingereza kidogo kama changu, kwa nini haukutiwa chumvi. Tukamwambia kwamba chumvi iko katika mboga. Ugali wenyewe kazi yake ni kushibisha. Akacheka sana, akasema hata wali wao ni vivyo hivyo, haupikwi na chumvi, na wageni wengine wote huuliza swali hilo hilo. Basi tulikuwa tumetoka mbali, bahari na nchi nyingi katikati, tukakutana na watu wanaopika chakula chao kikuu kwa wazo lile lile la mama zetu.

Sasa nitawaeleza jambo kubwa zaidi la safari ile. Kila kundi lilipangiwa siku yake ya kwenda mji wa Hiroshima, ambao uko kiasi cha saa mbili kwa basi kutoka kambini. Wanafunzi mmesoma habari zake, lakini nitazirudia kwa ajili ya wasiosoma. Tarehe 6 Agosti mwaka wa 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege moja ya Marekani iliangusha bomu moja la atomiki juu ya mji ule. Hata kufika mwisho wa mwaka watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wengine papo hapo, wengine kwa majeraha, wengine kwa ugonjwa wa mionzi ambayo wakati ule waganga hawakuijua dawa yake. Jengo moja la maonyesho ya biashara, lililojengwa mwaka wa 1915, lilibaki limesimama na kuba lake likiwa mifupa ya chuma tu. Wenyeji wameliacha hivyo hivyo, na tangu mwaka wa 1996 ni mojawapo ya mahali panapotunzwa kama urithi wa ulimwengu.

Tuliingia katika nyumba ya makumbusho. Humo imo saa iliyosimama kwenye saa mbili na robo. Kimo kibaiskeli cha magurudumu matatu, cha mtoto mdogo. Limo sanduku la chakula cha mchana la mwanafunzi, na chakula chenyewe kimekuwa mkaa ndani yake. Maana asubuhi ile maelfu ya wanafunzi walikuwa nje mjini, si darasani. Wametolewa shule wakafanye kazi ya kubomoa nyumba, ili moto wa mabomu ya kawaida usipate njia ya kuenea. Wengi wao walikuwa na miaka 12 na 13, wadogo kuliko sisi tuliosimama pale, wamepangwa katika vikosi, kila kikosi na mwalimu wake, kila mtoto na chakula chake na chupa yake ya maji. Maelfu yao walikufa. Mimi nilitazama vijana wenzangu tulivyopangwa katika vikosi vyetu, kila mmoja na chupa yake ya maji, nikaona kwamba hapana tofauti kati yetu na wale ila mwaka tuliozaliwa.

Lakini sikilizeni, maana habari haiishii hapo. Tulipokuwa tumekaa nje chini ya miti, msichana mmoja wa Filipino alisema kwa sauti ndogo kwamba katika mji wao wa Manila, mwaka ule ule wa 1945, raia wapatao 100,000 walikufa vitani, na wengi wao waliuawa na askari wa Kijapani. Hakusema kwa hasira, wala hakusema ili kuwaumiza wenyeji. Alisema kwa sababu bibi yake alimwambia asisahau. Wajapani waliokuwapo wakanyamaza. Kisha mmoja wao, msichana, akainama kichwa mbele yake kwa desturi yao, akakaa hivyo kitambo. Hapana aliyesema neno juu ya nani aliyeumizwa zaidi. Nadhani wakubwa wengi wangeanza kuhesabu.

Mimi nami nilikuwa na langu. Baba yake babu yangu alikuwa askari wa Keya. Wazee wanaonisikiliza wanajua kwamba katika vita ile kuu Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yaani vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland pamoja na wenzao, ilipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka wa 1944, wakati wa masika ya huko, walishuka bonde la Kabaw katika matope na malaria, wakaufikia mto Chindwin huko Kalewa mwezi wa Desemba. Wengi walizikwa huko. Babu aliniambia kwamba alipokuwa mtoto alimwuliza baba yake: Wajapani ni watu wa namna gani? Naye mzee yule akajibu kwamba hajui. Alipigana nao miezi mingi, asipate kumwona hata mmoja aliye hai, uso kwa uso. Aliona moshi wa bunduki zao msituni, na usiku alisikia sauti zao. Asubuhi aliona maiti. Hayo ndiyo yote aliyoyajua juu yao.

Nilimsimulia mwenzangu Mjapani habari hii tuliporudi kambini. Alinyamaza, kisha akauliza: alirudi? Nikasema, alirudi, akalima, akazaa watoto baada ya vita, na kwa hiyo mimi nipo. Akasema kwamba ndugu wa babu ya bibi yake alikwenda vitani asirudi, wala nyumbani hawakupata kujua alikofia. Walipelekewa sanduku dogo ambalo ndani yake hamkuwa na kitu ila karatasi yenye jina. Hatukujua la kusema baada ya hapo. Tukaenda kuchota maji, kwa sababu zamu ilikuwa yetu.

Najua kwamba baadhi yenu mtasema: haya ni maneno mazuri, lakini kambi haizuii vita. Ni kweli, wala sitaki kuwadanganya. Mwaka wa 1937 Jamborii ilifanyika Vogelenzang, katika nchi ya Uholanzi. Walikuwako Maskauti zaidi ya 28,000 wa nchi nyingi. Baden-Powell, mzee wa miaka 80, aliwaaga hapo. Miaka miwili haijapita sana, vita ikaanza Ulaya. Mwezi wa Mei mwaka wa 1940 Uholanzi yenyewe ikavamiwa, na wengi wa wavulana wale waliobadilishana beji wakawa wamefika umri wa kushika bunduki.

Lakini tazameni vema nani hakuwako Vogelenzang. Vijana wa Ujerumani hawakuwako. Serikali ya Hitler ilikuwa imekwisha vipiga marufuku vyama vya Skauti katika nchi yake, ikawakusanya vijana wote katika chama chake yenyewe. Japani nayo, mwaka wa 1941, iliviunganisha vyama vya vijana, Skauti miongoni mwao, kuwa chama kimoja cha serikali. Na majeshi ya Ujerumani yalipoitawala Uholanzi, Skauti ikapigwa marufuku huko pia. Kwa nini watu wenye mizinga na ndege waliogopa watoto wenye mahema? Kwa sababu anayetaka kijana wake amchukie mtu wa nchi nyingine hapana budi amzuie kwanza asimwone. Akimwona akimenya viazi, akimwona akilia kwa kutamani nyumbani usiku wa kwanza, akimwona akitafuta kiatu chake kilichopotea, kazi ya kumfundisha kumchukia itakuwa ndefu. Kambi haizuii vita. Lakini wanaotaka vita hupenda kuivunja kambi kwanza. Hilo latuonyesha thamani yake.

Na vita ilipokwisha, mwaka wa 1947, Maskauti 24,000 hivi walikutana Moisson, katika nchi ya Ufaransa, kando ya mto Seine. Ulaya ilikuwa bado na njaa, na madaraja mengi yalikuwa bado yamevunjika. Waliiita Jamborii ya Amani. Hawakungoja mpaka kila kitu kijengwe ndipo wakutane. Walikutana ili wapate nguvu ya kujenga.

Basi hili ndilo jibu la swali la mzazi. Mtoto ataleta nini? Ataleta ushahidi. Kesho mtu akisimama sokoni akasema Wajapani wako hivi, Wafilipino wako hivi, watu wa dini fulani wako hivi, kijana yule aweza kusema: ngoja bwana, nilikula nao, nilichota maji nao, nami naweza kukuambia nilivyowaona. Shahidi mmoja hatoshi kuamua neno, lakini mahali pasipo na shahidi hata mmoja uwongo hukaa kitako kama mwenye nyumba.

Niliporudi nilikwenda kwa wote waliochanga, nyumba hata nyumba. Baadhi yao waliuliza habari za magari na majumba marefu, nami nikawapa. Lakini babu alinisikiliza mpaka mwisho, habari za Hiroshima na za yule aliyeletewa sanduku tupu, kisha akasema: laiti baba angalipata kuyasikia haya. Akaniagiza nimwandikie barua mvulana yule, nimpe salamu za nyumba yetu. Nilifanya hivyo, na jibu likaja.

Sasa neno langu la mwisho ni kwenu wanafunzi, na hasa kwenu ambao hamtapata kupanda ndege. Ninyi ndio wengi. Jamborii ya 26 ilipangiwa mji wa Gdańsk, katika nchi ya Poland, mwaka wa 2027, na kwa kila mtoto mmoja wa nchi zetu anayekwenda kambi ya namna hiyo, maelfu watabaki. Je, mmekosa yote? Hasha. Baden-Powell hakuvuka bahari ya mbali alipofanya kambi ya kwanza. Alichukua watoto wa nchi moja waliokuwa hawajuani, akawapa sufuria moja. Nanyi mna kijiji ng'ambo ya mto ambacho watu wake mmefundishwa kuwacheka. Mna shule ya tarafa nyingine ambayo mnakutana nayo siku ya mpira tu, ili kushindana. Kuna watoto wa wafugaji na watoto wa wakulima ambao baba zao hugombania maji. Waombeni walimu wenu na wazee wenu, mkapige kambi siku tatu pamoja. Changanyeni vikosi, pasiwe na kikosi cha kijiji kimoja. Pikeni kwa zamu. Jioni kila mmoja asimulie jambo moja ambalo babu yake alilipata, na wengine wasikilize bila kuhesabu.

Tena jiandaeni, maana kwenda kwa watu kunataka maandalio. Jifunze kupika chakula chako mwenyewe vizuri, ili uwe na kitu cha kumkaribisha mwenzako. Jifunze habari za kwenu, maana utaulizwa, na ni aibu mgeni azijue kuliko wewe. Jifunze kusalimu kwa lugha ya yule unayemwendea, hata maneno mawili tu. Na ukifika, fika kama mtu mwenye mikono, si kama mtu mwenye tumbo peke yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akija kuomba ruhusa ya kwenda kambini, iwe ng'ambo ya bahari au ng'ambo ya kilima, ulizeni habari za maji na za mganga na za viongozi. Mkiridhika, mwacheni aende. Kisha akirudi, kaeni chini mmsikilize mpaka mwisho.